Siku Shangazi Aliposhika Mkasi

Mama yangu alikuwa mfungaji. Nikiwaambia watoto wangu hivi hudhani natania, maana wao wanamkumbuka bibi mwenye miwani, anayepepeta mchele barazani huku akiyalalamikia magoti yake. Mie namkumbuka akiwa hewani, mikono juu, mpira umeshamtoka vidoleni na wote tumenyamaza tunaangalia kama utaingia kwenye pete.

Alikuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha nguo, upande wa kukunja khanga na kuzifunga marobota. Miaka ile ya Ujamaa kila kiwanda kilikuwa na timu ya mpira wa miguu, timu ya netiboli, kwaya na ngoma. Mashirika yalishindana kwenye michezo kama yalivyoshindana kwenye uzalishaji, na ukiniuliza mie, kwenye michezo yalijitahidi zaidi. Jioni zamu ikiisha, wanawake walivua maovaroli, wakajifunga khanga kiunoni na kufanya mazoezi kwenye uwanja wa vumbi nyuma ya ghala. Mie na mdogo wangu tulitoka shule tukaenda moja kwa moja huko. Kazi yetu ilikuwa kuufukuzia mpira ukitoka nje, na tuliipigania kazi hiyo mpaka tukafinyana.

Baba alikuwa fundi cherehani. Alikuwa mtu mpole wa Newala, haongei mpaka aulizwe, na alishonea kibarazani pa duka la Mwarabu mmoja pale Temeke. Alipenda mno kumwona Mama akicheza, ila alisimama mbali, karibu na barabara, kama mpita njia aliyepumzika kidogo. Mpira ukiingia aligeuka pembeni akachekelea peke yake. Sababu ya kujificha huko ilikuwa shangazi yangu.

Shangazi ndiye dada mkubwa wa Baba. Mama yao alifariki Baba akiwa mdogo, kwa hiyo shangazi ndiye aliyemlea, na hata Baba alipooa na kuzaa, neno la dada yake lilibaki neno la mama. Alikuwa mjane, akiishi chumba cha upande wa pili wa ua wetu. Alipika vitumbua ambavyo watu walivifuata kutoka Mtoni na Keko. Alikuwa mcheshi, mkarimu, na mgomvi wa kutisha. Netiboli hakuitaka.

"Mke wa mtu anarukaruka mbele ya wanaume," alikuwa akisema, huku akigeuza vitumbua. "Wifi yangu mie nampenda, lakini kurukaruka, aa!"

Mama alicheka tu. "Njoo uone siku moja, wifi. Utapenda."

"Nikaone nini? Kuruka nimekuona sana, ukimkwepa yule jogoo wa jirani."

Basi siku moja ikaja habari kwamba timu yetu imealikwa Morogoro kucheza na wafanyakazi wenzao wa huko. Wachezaji wangekwenda na familia zao kwa lori la kiwanda, na baada ya mechi wenyeji wangewapigia dansi la mchana, bendi kamili, na soda. Sie watoto tulilala tukiiota hiyo soda. Kiwanda kikatoa jora la kitambaa cha bluu ya mawingu ili timu ishonewe sketi rasmi, na wachezaji wote wakasema kwa sauti moja kwamba ashone mume wa mfungaji wao.

Baba alishona ya kwanza ikafika juu kidogo ya goti, imemwagika vizuri, ukizunguka inazunguka nawe. Mama akaijaribu chumbani, akatoka uani kutuonyesha. Shangazi alikuwa anachota maji pipani. Akaliacha kopo likazama.

"Hiyo nini?"

"Sare ya mchezo, dada," Baba akajibu.

"Hiyo leso. Mji mzima vijana wanawazuia wasichana wenye sketi fupi njiani, halafu wewe, ndugu yangu niliyekufunza kutembea, unamshonea mkeo leso? Chini ya goti! Chini kabisa!"

Baba akajaribu kueleza. Kitambaa kilikuwa kilekile, na ukiongeza urefu itabidi upunguze upana. Sketi ikiwa ndefu na nyembamba, mtu ataruka vipi? Shangazi akasema kuruka si lazima. Baba akamtazama Mama, Mama akatikisa kichwa na kucheka, akasema, "Fanya anavyotaka dada. Tutatembea kama maharusi." Baba akafumua, akashona upya, na za wenzake wote akazipa urefu huohuo. Na shangazi, ili awe na hakika kwamba amri yake haitavunjwa njiani, akatangaza kwamba Morogoro naye anakwenda.

Tuliondoka alfajiri. Lori lilipangwa mabenchi na kufunikwa turubai, na kabla hatujafika Ubungo nyimbo zilikuwa zimeshaanza. Nahodha wa timu, mwanamke mmoja mnene wa kitengo cha rangi ambaye kucha zake zilikuwa za zambarau siku zote, aliongoza na sie tukaitikia. Shangazi alikaa mbele kabisa na beseni la vitumbua mapajani, uso umekaza. Kufika Kibaha alikuwa anaitikia chinichini. Kufika Chalinze, tulipoteremka kunyoosha miguu na kununua machungwa, alikuwa anamrekebisha nahodha maneno ya wimbo.

Sikuwa nimewahi kuona mlima. Ile milima ya Uluguru ilipotokea upande wa kushoto, nilidhani ni mvua inakuja. Baba alinishika bega akaninong'oneza, "Ile ni ardhi, mwanangu. Imesimama." Mdogo wangu akauliza kama kule juu kuna watu. Baba akasema wapo, na wanalima mboga. Tukabaki tukiwawazia watu hao wanaolima bila kuporomoka.

Uwanjani watu walikuwa wengi kuliko nilivyotarajia. Wenyeji walitoka na kaptura nyeupe pana na fulana, wepesi kama swala. Wa kwetu wakatoka na sketi zao za bluu zilizofika katikati ya muundi, wakitembea kwa hatua fupifupi. Kukasikika vicheko.

"Hawa wamekuja kwenye mechi au maulidi?" mwanamume mmoja nyuma yetu akauliza kwa sauti, na watu wakaangua kicheko.

Nilimwona shangazi akigeuza shingo polepole.

Mchezo ulianza vibaya. Kila wa kwetu alipotaka kupiga hatua ndefu, sketi ilimrudisha. Nahodha alijaribu kuukata mpira, akakwama, akasimama kwa mguu mmoja kama korongo. Mama alipewa pasi nzuri juu, akaruka kwa nguvu zake zote, na sketi ikamshika magotini hewani. Alianguka chini puu, kiwiko kikachubuka. Mpira ukachukuliwa, wenyeji wakafunga. Wakafunga tena.

Shangazi alikuwa amesimama. Sheria hazijui, lakini ugomvi anaujua.

"Mbona hakimbii nao? Kimbia nao, wifi!"

"Hairuhusiwi, shangazi," nikamwambia. "Ukishaudaka unasimama."

"Nani kakataza?"

"Ndiyo sheria ya mchezo."

"Sheria gani hiyo ya kumsimamisha mtu mzima na shughuli yake!"

Mama akaanguka mara ya pili. Yule mwanamume wa nyuma akasema, "Mwacheni mama wa watu arudi jikoni." Hapo shangazi aligeuka mzima mzima.

"Wewe! Unamjua unayemsema? Huyo ni wifi yangu! Huyo anafunga kutoka popote unapopajua na usipopajua! Kaa chini kabla sijakukalisha!"

Mwanamume yule alikaa, na walio pembeni yake wakakaa.

Mapumziko yalipofika, timu yetu ilikuwa nyuma vibaya. Wachezaji waliketi kwenye majani wakinyonya machungwa, hawatazamani. Mama alikuwa anajifuta damu ya kiwiko kwa ncha ya khanga. Shangazi akawafikia kwa hatua kubwa, akawatazama mmoja mmoja, akatazama sketi zao, kisha akapaza sauti.

"Fundi yuko wapi?"

Baba akaja mbio. Begani alikuwa na mfuko wake wa kazi, maana hakuwahi kusafiri bila sindano na uzi, akihofia pindo zitafumuka.

"Nipe mkasi."

"Wa nini, dada?"

"Wa kukatia kucha! Wa sketi! Nipe nizifupishe."

Baba akautoa mkasi, asiuachie. "Lakini dada, si wewe uliyesema chini ya goti?"

"Nilisema nikiwa Temeke," shangazi akajibu. "Hapa Morogoro."

Wanawake tuliokuja nao wakavua khanga zao za kujitanda, wakazishika pembe kwa pembe, wakazungushia timu nzima ukuta wa michoro ya maua na korosho. Mie na mdogo wangu tulipewa pembe moja tuishike. Ndani akaingia shangazi na mkasi. Baba, kwa kuwa ni mwanamume, alibaki nje ya ukuta huo, na hapo ndipo nilipomsikia akipiga kelele kwa mara ya kwanza maishani mwangu.

"Usivute kitambaa! Fuata uzi wake! Anzia mshono wa pembeni, dada, wa pembeni!"

"Nakata mie au unakata wewe?"

"Usipindishe!"

"Imeshapinda! Nyamaza!"

Ndani vicheko vilizidi mpaka khanga zikatikisika. Kipenga kilipolia, ukuta ukafunguka na timu ikatoka mbio. Sketi zilikuwa vioja vitupu. Moja ilifika gotini mbele na juu ya goti nyuma, nyingine imekwenda mshazari kama ukingo wa paa bovu, na ya nahodha ilikuwa na mpasuo pembeni ambao haukukusudiwa na mtu yeyote. Baba alijishika kichwa. Lakini miguu ilikuwa huru.

Sijui niuelezeje mchezo uliofuata. Nahodha alikuwa anaunyakua mpira kama mtu anayechuma embe, anamtafuta Mama kwa macho, anaurusha. Mama alikuwa na kawaida yake, akiudaka hutulia kidogo, anavuta pumzi, anainua mpira juu ya paji la uso, halafu mkono unakunjuka taratibu. Aliingiza, akaingiza tena. Mlinzi wao mrefu alimnyooshea mikono usoni, wapi! Baba aliondoka kule mbali alikozoea kusimama, akasogea, akasogea, mpaka akawa kwenye mstari kabisa. Mwamuzi akamwambia arudi nyuma, naye anamwitikia "Ndiyo, ndiyo" huku harudi.

Mwishoni kabisa Mama alipata mpira akiwa pembeni, mahali pagumu. Akavuta pumzi. Mpira ukagonga chuma, ukazunguka juu ya pete, ukazunguka tena, ukadondokea ndani. Kipenga. Tumetoka sare.

Sie tulirukaruka, tukakumbatiana na watu tusiowajua. Shangazi alimfuata mwamuzi.

"Sare maana yake nini?"

"Mmelingana, mama."

"Kulingana? Nimetoka Temeke alfajiri kuja kulingana? Wachezeshe tena kidogo!"

Ilibidi Mama amvute mkono. Shangazi alimkumbatia na jasho lake lote na vumbi lake, akamwambia, "Wifi, nyumbani huwa unanificha mambo."

Dansi lilipigwa kwenye ukumbi wenye sakafu ya saruji iliyong'arishwa. Bendi ilikuwa na magitaa matatu, tarumbeta na saksafoni, na wapigaji wote walivaa mashati ya aina moja. Sikuwa nimewahi kuona muziki ukitoka mikononi mwa watu. Niliujua wa redioni tu. Niliposogea karibu na spika, besi ilinitetemesha kifuani, nikamshika mdogo wangu mkono nimwonyeshe mahali pa kusimama ili naye imtetemeshe. Soda tulipewa yetu, ya machungwa, baridi. Tuliinywa kidogo kidogo, tukikaguliana chupa nani amebakiwa na nyingi.

Halafu nikamwona Baba akimwendea Mama. Mama alikuwa bado na sketi yake iliyopinda na kitambaa kimefungwa kiwikoni. Baba akamnyooshea mkono. Wakaingia katikati ya watu, na ikaonekana kumbe Baba anajua rumba. Tena anajua kweli, kwa hatua ndogo za kujihesabia, mgongo umenyooka, anamzungusha Mama kwa kidole kimoja. Mama alikuwa akicheka kwa sauti ambayo nyumbani sikuwahi kuisikia.

"Baba kajifunzia wapi?" nilimuuliza shangazi.

"Mtwara, kabla yenu," akasema, macho hayabanduki kwao. "Nilimkatazaga. Nilidhani kaacha." Mguu wake ulikuwa ukigonga sakafu chini ya kiti. Wimbo uliofuata nahodha alikuja akamnyanyua, na shangazi akakataa kwa mdomo huku amekwisha kusimama.

Njia ya kurudi watu wazima waliimba mpaka Mlandizi wakachoka, nami nikalala juu ya mfuko wa machungwa.

Tangu hapo shangazi hakukosa mechi. Alikuja na beseni lake, akauza vitumbua wakati wa mapumziko, na alipokuwa hauzi aliwafundisha waamuzi kazi. Sheria alizijua polepole, zile zilizomfaa. Baba alishona sketi nyingine kwa kipimo chake mwenyewe, na hakuna aliyemuuliza.

Lakini kabla ya hayo yote kulikuwa na ile kesho yake. Mama aliamka hawezi kukunja miguu, mapaja yamekaza kama magogo, na pipa la maji lilikuwa tupu. Baba akachukua ndoo akaenda bombani, kwenye foleni ya wanawake peke yao, kitu ambacho mtaa wetu haukukizoea. Walimtania tangu bombani mpaka nyumbani. Tulimsubiri mlangoni tukamwona anakuja na ndoo kichwani, hajui kuibeba, maji yanamchuruzika mashavuni na shati limelowa lote. Akaitua ikiwa imebaki nusu, akajifuta uso kwa kiganja, akamtazama Mama aliyekuwa amejilaza mkekani akijizuia asicheke.

"Haya, mfungaji," akasema. "Nusu ya pili naifuata sasa hivi." Akachukua ndoo akarudi.