Vyeti vya Noti za Mfalme

Mwaka aliofariki Mfalme wa Uingereza, mgeni mmoja alipanga chumba cha uani kwetu Mbeya. Alivaa kaptula ya kaki iliyonyooshwa vizuri na kubeba mkoba wa ngozi. Alituambia kwamba noti zenye kichwa cha Mfalme zingekufa pamoja naye, na mpya zenye Malkia zilikuwa njiani kutoka ng'ambo. Kwa sasa yeye angezikusanya za zamani na kutoa vyeti vya muda, tuje tuvibadilishe noti mpya zikifika.

Aliniomba nimwandikie vyeti, nikakubali. Mume wangu alikuwa machimboni Chunya, nami nilikuwa nimemaliza darasa la nne misheni, mwandiko wangu ukisifiwa. Watu waliposikia kwamba mwandishi ni mimi, woga ukawatoka. Wakulima walishuka kutoka milimani na noti zilizonuka moshi wa jikoni. Mimi niliandika jina na kiasi. Yeye aliingia na cheti chumbani, akafunga mlango, akatoka nacho kikiwa na muhuri wa zambarau.

Siku ya tatu nilimuuliza kwa nini hapigi muhuri pale mezani.

"Ni mali ya serikali, dada," alinijibu taratibu. "Hauonyeshwi."

Moyo haukutulia, lakini niliendelea kuandika.

Jumatatu mlango wake ulikuwa wazi na mkoba haupo. Sakafuni palikuwa na nusu ya kiazi, kimechongwa kwa kisu, wino wa zambarau umekaukia juu yake.

Saa nne uani palikuwa pamejaa. Kila mmoja alishika cheti chake. Jirani yetu mzee, aliyenipokea vizuri nilipoolewa, alininyooshea cheti.

"Mwanangu, huu mwandiko wa nani?"

"Wangu, baba."

"Basi nimemjua wa kumdai."

Duka la Mhindi liliendelea kupokea noti za Mfalme kama kawaida. Mume wangu aliporudi tuliuza ng'ombe wote watatu, tukawalipa tulioweza. Waliobaki waliacha kutusalimia. Asubuhi moja tulikuta kuku wote wamekufa. Wiki iliyofuata, mlango umepakwa majivu. Tukahamia Iringa.

Huko nilikaa miaka bila kushika kalamu. Hata barua za mama yangu kutoka Tukuyu alizijibu mume wangu. Mama alidhani nimeugua mkono, nami nikamwacha adhani hivyo.