Nilivyokuwa masikio ya baba: injini ya ndege ndogo iliyokunywa mafuta ya nyonyo

Wakuu, heshima kwenu. Walionizidi umri shikamooni, ingawa sidhani kama humu mko wengi. Mimi nimeshavuka themanini na simu hii naibonyeza kwa kidole kimoja, kwa hiyo mnivumilie.

Juzi kuna mmoja alifungua uzi akiuliza kama injini ya dizeli inaweza kwenda kwa mafuta ya mimea. Mkabishana kurasa nne. Nilikuwa nasoma huku nacheka peke yangu, maana mimi nimeiona ikienda, na mafuta yake niliyachuja kwa mikono hii. Nasimulia kama ilivyokuwa, chumvi siongezi.

Ni miaka ya hamsini mwanzoni, kijijini Didia, Shinyanga. Naitwa Kabula, mtoto pekee kwa baba na mama.

Baba alikwenda Geita kufanya kazi mgodini nikiwa mdogo sana. Aliwekwa karakana, kusaidia mafundi. Aliporudi nilikuwa na miaka kama kumi na nne, na aliyerudi hakuwa yule niliyekuwa nasimuliwa. Baruti ililipuka kabla ya wakati wake. Mwili ulipona, masikio yakabaki hukohuko.

Kutosikia kijijini kwetu wakati ule kulikuwa balaa. Watoto wanapita wanasema shikamoo, marahaba haitoki. Watu wazima wanasalimia, kimya. Wiki ya pili wakasema Baba Kabula amerudi na maringo ya Geita. Mwezi wa pili wakasema amerukwa na akili.

Naye akaacha kutoka. Akawa anakaa kwenye kigoda nyuma ya ghala la mtama, anatazama mbali, toka asubuhi mpaka ng'ombe warudi. Mama akimwekea chakula hageuki mpaka aguswe bega.

Nilikuwa namwogopa, nisiwafiche.

Siku moja nikamkuta ameshika soksi nzito. Akaikung'uta, kikadondoka kitu kwenye kiganja chake: injini. Ndogo, ingeweza kukaa ndani ya kikombe cha chai. Mzungu mmoja fundi wa karakana alikuwa akiunda ndege za kuchezea kila Jumapili na baba akimsaidia. Alipokuwa anarudi kwao alimwachia injini hiyo na chupa ya etha, ile dawa waliyokuwa wakiwanusisha wagonjwa hospitali ili walale kabla ya kupasuliwa.

Kwa wasioijua, injini ile haina plagi. Juu ina skrubu. Ukiikaza, hewa ndani inabanwa zaidi mpaka mafuta yanawaka yenyewe. Unazungusha propela kwa kidole, na ukizubaa inakupiga. Chakula chake ni etha, mafuta ya taa na mafuta ya nyonyo. Etha inawasha, nyonyo inalainisha vyuma.

Nyonyo tulikuwa nayo, mama alikuwa akiikamua ya kupaka mwili na kulainishia ngozi za ng'ombe. Tatizo mafuta ya taa. Yaliyokuwepo yalikuwa ya kibatari cha mama, na hakuna aliyethubutu kuyagusa.

"Tutatia ya pamba," baba akasema kwa sauti kubwa mno, maana hakujua tena kupima sauti yake. Kuku wakakimbia.

Nikapanda lori la pamba hadi Shinyanga mjini, kwa Baba Shirin, Mhindi aliyekuwa na kinu cha kukamua mbegu za pamba. Nikamweleza. Akanitazama, akatazama chupa, akaijaza.

"Mwambie baba yako, ikiwaka aje anieleze. Mimi mwenyewe injini ya kinu inanisumbua."

Nikarudi nimeipakata chupa kama mtoto mchanga.

Siku nne hatukupata kitu. Baba anazungusha, injini inakohoa mara moja, inakufa. Kidole chake kikavimba, akahamia cha pili. Mama alikuwa akipita na ungo wake. Siku ya tano akasimama.

"Kabula, hayo mafuta yangu yana maji. Nyonyo naichemsha na maji, baba yako hajui?"

Akaibandika jikoni, etha tukaiweka mbali kabisa. Mafuta yakaanza kulia, tatata, kama mvua ya kwanza juu ya majani makavu. "Hayo ni maji yanatoka," mama akasema. "Yakinyamaza, epua." Tukakaa wawili tunasikiliza chungu mpaka kikanyamaza. Kisha nikachuja kwa pamba safi, mara tatu.

(Wakuu, msijaribu etha karibu na moto. Ni mvuke wake unaowaka. Msije mkasema bibi kawatuma.)

Kesho yake ikawaka.

Sijui niielezeje ile sauti. Nyembamba, kali, kama nyuki elfu wameingia kwenye debe. Moshi ukatoka mweupe, unanukia hospitali na karanga zilizoungua kwa pamoja. Nikaruka, nikapiga vigelegele.

Baba hakuruka. Alikuwa anaitazama tu. Akakaza skrubu, akakaza tena, injini ikazidiwa, ikakwama.

Akakaa chini kwenye vumbi.

"Nimeiwasha na siisikii, mwanangu. Mashine hii hurekebishwa kwa sikio. Mimi nitairekebishaje?"

Na akalia. Sikuwahi kumwona mwanamume analia, nikakosa pa kuweka macho.

Sijui nilipata wapi ujasiri. Nikamwinua mkono, nikamwonyesha propela. Zungusha. Akazungusha. Ikawaka, nikasikia inavuta kwa kukwaruza, nikafunga ngumi: kaza. Ikapanda, ikapanda, kisha ikaanza kunung'unika, nikafungua vidole: legeza. Akalegeza taratibu, macho yake yako kwenye mkono wangu, si kwenye injini. Halafu ikatulia. Sauti moja tu, ndefu, haina mkunjo. Nikanyoosha kiganja: hapohapo.

Baba akacheka. Wakuu, ndiyo siku niliyompata baba.

Kuanzia hapo siku zetu zilikuwa kama za watu walio usingizini wanaota kitu kimoja. Ndege aliiunda kwa mlingoti wa katani, ule unaochipua katikati ya mkonge, mwepesi kama hauna kitu. Mabawa akayafunika kwa karatasi nyembamba za dukani, tukazipaka uji wa muhogo zikakauka kwa jua na kulia kama ngoma ukizigusa.

Etha ilibaki ya kujaza tangi mara moja.

Tukairusha baada ya mavuno, mashamba yakiwa matupu, mchana mweupe. Watu walikuja, hata wale wa maneno ya maringo. Baba akawasha, nikamwongoza kwa mkono wangu mpaka sauti ikatulia, akaiachia.

Ikapanda ikizunguka, duara kubwa, kisha kubwa zaidi. Upepo wa joto ukaibeba. Mabawa yalipitisha mwanga, ukaona mifupa yake ya katani ndani kama ya popo. Ikaelekea upande wa Samuye, kijiji cha jirani, ikawa kama kunguru, kama shomoro, kama punje, ikaingia kwenye mng'ao wa jua.

Baba aliendelea kutazama juu. "Bado unaisikia?"

Nilikuwa nimeshasikia injini ikizimika, kitambo. Tangi lilikwisha.

Nikatikisa kichwa: ndiyo.

Baada ya muda akauliza tena, kwa upole safari hii. "Bado?"

Ndiyo, baba.

Akatabasamu. Tukasimama pale, mimi nikitikisa kichwa kila alipouliza, mpaka mwenyewe aliposema, "Basi imefika mbali."

Tuliitafuta siku tatu. Hatukuiona. Mama mmoja wa Samuye alisema ameona ndege asiyepiga mabawa akipita kimyakimya juu ya shamba lake, hakumwona akitua.

Baba alikwenda kwa Baba Shirin kumpa taarifa. Akaweka kiganja kwenye injini ya kinu, akakaa hivyo muda mrefu, akaonyesha palipolegea. Akabaki pale fundi mpaka uzee wake. Na Didia watu wakajifunza kumsalimu kwa kumgusa bega, naye marahaba yake ikawa inasikika mtaa wa pili.

Amefariki miaka mingi iliyopita. Ule uongo sikuwahi kuufuta. Mara mbili nilikaribia, nikamwangalia anavyowahadithia wageni ndege yake ilivyokuwa ikilia hata baada ya kupotea machoni, nikanyamaza.

Nilichojifunza: mafuta ya mimea yanaendesha injini, ila yakaushe maji kwanza. Na mtu aliyenyamaza muda mrefu, usikimbilie kusema ana maringo. Mguse bega.

Sasa wakuu, nyie mngefanyaje? Mngemwambia ukweli mzee wenu, au mngetikisa kichwa kama mimi? Semeni bila kunionea haya, nasoma polepole lakini nasoma zote.