Njia ya Kahawa na Posa ya Mpwa Wangu

Nilifundisha jiografia Karatu mpaka nikastaafu, na somo nililolipenda kuliko yote ni barabara za mkoloni. Nilikuwa nachora mashamba ya kahawa ya Oldeani ubaoni, halafu mishale inayotoka shambani kwenda bandarini. "Alitaka kahawa ifike pwani," nilikuwa nanguruma. "Ninyi kutembeleana hakukumhusu." Nilijiona bingwa.

Sasa sikia ujinga wangu. Mwaka jana mpwa wangu alinituma niwe mshenga wake, nikampelekee posa kwa wazazi wa binti mmoja wa kijiji cha Buger. Wazee wa binti walisema nifike saa nne asubuhi, na tulijua kuna kijana mwingine aliyekwisha kutuma watu. Kutoka kwangu Oldeani, watu wote huzunguka Karatu mjini kwanza. Mimi, mtaalamu, nikaona kwenye ramani njia inayokata mashambani moja kwa moja. Nikapakia kidumu cha asali ya wazee kwenye pikipiki, nikaondoka nikipiga mluzi.

Njia ilikuwa pana, imenyooka vizuri. Ikaishia kwenye ghala bovu la kahawa. Mbele yake palikuwa na korongo.

Mlinzi wa shamba alinitazama mimi na suti yangu. "Mzee, hii ni njia ya kahawa. Imefika ilikokuwa inakwenda."

Nikageuza. Nikazunguka Karatu, nikapishana na magari ya watalii yanayoteleza kwenye lami kuelekea lango la Ngorongoro, kisha nikaingia vumbini. Nilifika Buger saa tisa. Wazee walikwisha kuondoka kwenda kwenye mifugo yao. Alibaki mama wa binti, naye aliwahi kuwa mwanafunzi wangu.

Nilimweleza nilikopita. Alinikaribisha uji.

"Mwalimu, kwenye mtihani niliandika kwamba barabara zilijengwa ili watu watembeleane. Ukanipa sifuri."

"Nakumbuka," nikasema, ingawa sikukumbuka.

"Leo nimekubali ulikuwa sahihi. Ila nilidhani na wewe ulielewa."

Wazee walitupa nafasi nyingine, Jumamosi. Nilifurahi, nikapiga pasi suti mapema. Ijumaa mpwa wangu akaja, akakaa mlangoni, akashindwa kunitazama. Alikuwa amepata mshenga mwingine, jirani anayeendesha gari la watalii.

Jumamosi jirani huyo alifika Buger saa tatu asubuhi, posa ikapokelewa. Asali aliyopeleka ilikuwa ileile yangu.