Siku Seva Ilipoanika Neno la Siri

Siku ile siisahau, mwanangu, maana ndiyo iliyonionyesha kwamba mtu anaweza kufanya kazi tangu asubuhi bila kujua anachofanya. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nimeajiriwa kutunza kompyuta katika kituo kimoja cha afya karibu na Ogembo. Majibu ya maabara yalitakiwa yawekwe kwenye seva, yaani kompyuta inayozitumia kompyuta nyingine kurasa zake, ili muuguzi wa tawi letu la Nyamarambe ayasome huko huko, wagonjwa wasisafiri bure kuja kuulizia.

Seva ilitumia mfumo wa Linux. Kilichobaki ni kuiwekea PHP, ile lugha ambayo seva huisoma yenyewe kwanza, ikaandaa ukurasa, ndipo ikautuma kwa msomaji. Nilimwambia matroni ni kazi ya saa moja. Kumbe! Nilinakili amri mtandaoni, moja hapa, nyingine pale. Nikaweka toleo moja, nikaweka na lingine. Nikabadilisha faili ya mipangilio, wapi! Nikaibadilisha tena. Kufika adhuhuri sikujua tena nimegusa nini na nimeacha nini. Chai niliyoletewa ilipoa mezani, na nilikuwa na njaa.

Ndipo Moraa, muuguzi wa Nyamarambe, akapiga simu.

"Kemunto, mbona sioni majibu? Naona maandishi nisiyoyaelewa, halafu hapa pameandikwa neno la siri."

Nikafungua ukurasa, nikayaona maandishi yaleyale. Seva haikuisoma ile PHP. Iliituma vilevile ilivyo, pamoja na neno la siri la kufungulia rekodi za wagonjwa wote. Na mimi, badala ya kusema ukweli, nikamjibu, "Ni kawaida, dada. Subiri kidogo." Nikaendelea kubandika amri, huku sielewi hata moja.

Fundi wetu mkuu, Mzee Nyang'au, aliingia akanikuta bado nabandika. Alitazama skrini, akachomoa waya wa mtandao.

"Umefanya nini, mama?" Kwetu mzee humwita msichana hivyo asipotaka kumtisha.

"Omogaka, sijui," nikasema, nikimwita mzee kwa lugha ya kwetu.

"Hilo ungelisema asubuhi."

Alinipa kalamu niandike kila nilichokumbuka. Kisha tukasoma orodha ya makosa ambayo seva ilikuwa ikiandika muda wote huo, nami sikuifungua. PHP ilikuwepo, ila programu inayotuma kurasa haikuwa imeunganishwa nayo. Na faili niliyohangaika nayo ilikuwa ya lile toleo jingine! Tukaliondoa, tukaunganisha lililobaki, tukabadilisha neno la siri, tukarudisha waya, tukaiwasha seva upya. Majibu yakatokea.

Nilidhani yameisha. Mzee akanituma kwa matroni nikaeleze yote, kisha nimpigie Moraa. Moraa akasema, "Mimi nilikuamini."

Mpaka leo sijui kama kuna mtu mwingine aliyeuona ukurasa ule. Tulitafuta dalili, hatukupata. Lakini sijui.

Kwa hiyo, mwanangu, unaposhika kitu kilichobeba siri za watu, usiandike amri usiyoielewa. Badilisha jambo moja, utazame, ndipo uguse lingine. Ukichanganyikiwa, kifunge kwanza, kisha mwambie mtu kabla hajakuuliza. Aibu yake ni ya siku moja tu.

Mungu akutulize moyo kazini, na wanaokuamini wasijutie kamwe kukuamini.