Udongo Mweupe wa Mama Jémima

Ukipita soko la Manika asubuhi, kabla jua halijapata nguvu, utamkuta Ernestine anatafuna. Anatafuna pemba, ule udongo mweupe unaofinyangwa kama mayai marefu na kukaushwa, ambao wanawake wengi wa Kolwezi huanza kuula wakiwa na mimba. Wengine wakijifungua huacha. Ernestine hakuacha. Alianza alipobeba mimba ya binti yake wa pekee, miaka ishirini na mmoja iliyopita, na tangu wakati huo mkono wake hutoka mfukoni ukaenda mdomoni bila yeye kujua kwamba umekwenda. Aliuza pia. Sinia la pemba lilikaa kushoto kwake, na kulia zilikaa mboga alizokausha mwenyewe, sombe na lengalenga, pamoja na bishimu, wale viwavi wa kukaanga wanaoletwa kutoka upande wa Sandoa alikozaliwa. Mji mzima ule unaishi kwa udongo. Wengine huuchimba wakitafuta shaba na kobalti. Yeye aliuweka ulimini.

Sokoni hakuna anayemwita Ernestine. Ni Mama Jémima, na jina hilo hulivaa kama kitenge cha sikukuu, hasa tangu binti yake apate nafasi ya kusomea uhandisi wa madini katika mji mmoja wa kaskazini ya China. Mumewe Kabongo, aliyekuwa karani wa ghala upande wa Kingamyambo, ndiye aliyemfundisha mtoto hesabu kwa vifuniko vya chupa. Akafa mwaka mmoja kabla ya barua ya shule kufika. Ernestine aliisoma barua ile kwa sauti mbele ya picha ya marehemu, mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza alilia akiwa katikati.

Mama na binti waliongea kwa simu kila siku saa kumi na mbili asubuhi, wakati ambao kule China ni saa sita ya mchana. Mwaka wa kwanza Jémima aliongea bila kupumua. Alisimulia juu ya theluji, mwalimu wa kemia aliyevaa kofia ndani ya nyumba, na wasichana wa Vietnam waliokaa naye chumba kimoja. Baridi ya pili ilipoanza, sauti yake ilipungua kidogo kidogo, kama redio ambayo betri zake zinakwisha.

"Umekula nini, mama?" Ernestine humwita hivyo binti yake, kama akina mama wote wa kule.

"Tambi."

"Na jana?"

"Tambi, Mama. Na chai."

"Na juzi?"

"Mama, usinihesabie chakula. Mi nimechoka."

Uchovu huo ulikaa. Wiki baada ya wiki ulijibu simu mahali pa Jémima. Asubuhi moja msichana alisema taratibu, kama mtu anayeweka mzigo chini: "Masomo mi nataka kuacha. Mwezi wa tatu nitarudia ku nyumba."

Ernestine aliketi juu ya ndoo iliyokuwa karibu. "Ni kijana mumoja anakusumbua?"

"Hapana."

"Batu ba kule banakutesa?"

"Hapana, Mama. Niko tu hivi. Naamka naona kama mwili haiko yangu. Nalia, na sijue nalilia nini."

"Ile pemba ulienda nayo, ungali nayo?"

"Iko inaisha."

Basi Ernestine akadhani ameelewa. Mtoto ana hamu ya kwao, na hamu ya kwao aliijua dawa yake. Alichagua pemba nyeupe kuliko zote, akazifuta moja moja, akazifunga katika kitenge chake cha zamani, kile alichombebea Jémima mgongoni, kisha akampa mfanyabiashara mmoja aliyekuwa anakwenda China kununua nguo. Zilifika karibu kilo mbili. Valérie, muuza nyanya wa meza ya pili, alimtazama akifunga, akashika kiuno.

"Mama Jémima, unapandisha udongo mu ndege? Chine haina udongo?"

"Iko. Lakini haiko ya kwetu."

"Kesho utatuma na mavumbi ya ku barabara!"

Mzigo ulipofika, Jémima alichangamka siku sita. Ernestine alizihesabu. Siku ya saba sauti ilirudi chini, na wiki tatu baadaye msichana alianguka kwenye ngazi za maabara. Daktari wa chuo alimpima damu. Alikuta chuma ni kidogo mno, na vitamini D nayo ni kidogo, maana tangu baridi ianze Jémima alikuwa analiona jua kwa dirisha tu. Alimpa vidonge. Hayo ndiyo Jémima aliyomwambia mama yake. Hakumwambia yote.

Siku hiyo hiyo Ernestine alimwachia Valérie meza, akaenda kituo cha afya kumwona Stany, muuguzi anayeimba sauti ya chini katika kwaya ya parokia yao. Alitaka kujua kitu kimoja: chakula gani cha kwao kina chuma, amtumie mtoto.

"Bishimu," alisema Stany. "Ndagala. Maharagwe. Sombe pia, lakini akule na ndimu ao chungwa, itasaidia. Na chai asikunywe pamoja na chakula, angoje kwanza." Kisha akainua macho. "Na pemba? Mutoto anakulaka pemba?"

Ernestine alisikia kipande kikitulia chini ya ulimi wake. "Juu ya nini unauliza, Tata Stany?"

"Juu pemba inakamata chuma mu tumbo, haifike mu damu. Mutu anakula bukari na samaki, pemba inamunyanganya. Chuma ikipunguka anachoka, anasikia baridi, anakasirika bure, roho inakuwa nzito. Na kule jua haiko, vitamini zingine nazo zinapunguka. Kuya hapa kwanza."

Akamshusha ukope wa jicho kwa kidole gumba. Ndani palikuwa peupe, karibu na weupe wa kile alichokuwa anakificha mdomoni.

"Umechoka tangu lini, mama?"

"Tangu Kabongo alikufa. Ni kilio tu."

"Kilio iko, mi sikatae. Si kila huzuni inatoka mu damu, na mutoto pia eko peke yake kule, ile dawa haipo mu sanduku yangu. Lakini hii ya damu tunaweza kuitunza. Juu ya nini tuiache?"

Alirudi kwa miguu. Madereva wa pikipiki za taxi-moto walimwita, hakugeuka. Alikumbuka alivyoifuta ile pemba kwa pindo la nguo yake, kipande baada ya kipande, kwa upole kama anayemwosha mtoto, na kila kipande kimekwenda mbali kiasi hicho kumwibia Jémima nguvu. Alikumbuka pia miaka yote aliyomwona binti yake mdogo akichokoa mfuko wa mama yake kwa vidole viwili, naye akicheka. Karibu na nyumba alitema kile kipande kwenye majani. Kisha akasimama, akakitazama, kwa sababu mate yalimjaa tena.

Usiku hakuomba kwamba Jémima abaki shuleni. Aliomba tu apate mdomo wa kusema.

Kulipokucha hakusalimu hata. "Jémima, ile pemba nilituma. Tupa yote. Ni yenyewe njo inakuletea ugonjwa. Mi mama yako njo nilikuletea."

"Mama, nilijua."

"Ulijua?"

"Dokta aliniambia siku ya kwanza. Alikuta kipande mu mufuko yangu, akaniuliza kama ni chaki." Msichana alivuta pumzi. "Kila siku nasema leo natupa. Nafungua kitenge, nasikia harufu ya mvua ya kwetu, naona namna ulifunga ile fundo. Ningekuambia namna gani? Ulifunga na mikono yako."

Ernestine alijifuta uso. "Kitenge baki nayo. Pemba tupa. Na mi naacha pia, tuache pamoja."

"Weye?" Na hapo, kwa mara ya kwanza tangu baridi ianze, Jémima alicheka, kicheko kidogo kikavu, lakini ni kicheko. "Mama, weye uache pemba? Utakufa!"

"Nitakufa na vidonge mu tumbo, Stany amenipa. Sikiliza. Kunywa dawa. Saa sita toka nje, usimame ku jua hata kama ile jua ni ya uongo. Kula bitu bya kweli, na ongea na bale babinti ba Vietnam. Nipe miezi mbili. Kama roho ingali nzito, rudia. Nitakuya kukupokea Lubumbashi na hakuna mutu atakuuliza kitu."

"Hakuna mutu?"

"Hata mi."

Miezi ile miwili ilikuwa mirefu kwa Ernestine. Mkono uliendelea kwenda mfukoni na kurudi mtupu. Alitafuna muhogo mkavu, alitafuna punje za mahindi, aligombana na Valérie juu ya kivuli cha mwavuli, kisha akamwomba msamaha kwa fungu la lengalenga. Sinia la kushoto alikuwa ameliondoa. Wasichana wenye mimba walipokuja kuulizia pemba, aliwaelekeza kwa Stany.

"Na pale utauzisha nini sasa?" Valérie aliuliza. "Hewa?"

"Bishimu."

"Bishimu kuume, bishimu kushoto. Umekuwa kijiji ya bishimu."

Kifurushi cha pili kiliondoka na mfanyabiashara yule yule: bishimu, ndagala, sombe kavu. Kila asubuhi Ernestine alisikiliza sauti kuliko maneno. Kulikuwa na siku nzuri, na kulikuwa na siku ambazo Jémima alisema "niko" tu. Asubuhi ya mwisho ya miezi ile miwili, Ernestine alivaa kitenge kizuri kabla ya kushika simu, kama anayengojea hukumu.

Uso wa Jémima ulijaa kioo chote cha simu. Alikuwa amekasirika, na mdomo ulikuwa umejaa chakula.

"Mama! Hizi bishimu uliosha na macho?"

"Juu ya nini?"

"Kuko muchanga! Nimeita barafiki, nimebapikia, nimebaambia hii njo chakula ya kwetu Katanga. Bote banatafuna kra, kra, kra, banashindwa kutema juu ya heshima. Nimesikia haya mpaka ku miguu!"

Ernestine alimtazama bila kupepesa. Mashavu yalikuwa na rangi. "Na kurudia, mama?"

"Kurudia wapi? Niko na mitihani juma ijayo. Tuma bingine, lakini osha!"

"Ule muchanga," alisema Ernestine, "ulitema?"

"Nilitema."

"Tema yote. Usimeze hata chembe."