Diski Niliyosema Imeungua

Mwanangu, ipo siku moja naikumbuka kila ninapokuona ukiibonyezea kompyuta "ndiyo" bila kusoma ilichokuuliza. Nilikuwa msichana, fundi wa kompyuta mtaa wa Kijenge, miaka ile kompyuta za mtumba zilipoanza kumiminika mjini na kila aliyeweza kushika bisibisi akaitwa mtaalamu. Mimi nilijiita hivyo kabla sijaitwa.

Mama Ndeshi, mwalimu mstaafu wa mtaa wa Lemara, aliniletea kompyuta ya marehemu mumewe. Umeme ulikuwa umerudi kwa nguvu ukaunguza bodi, ule ubao mkuu wa ndani. Humo mzee alikuwa ameandika historia ya ukoo wao tangu kijijini kwao Machame, kazi ya miaka miwili, akafariki kabla hajaichapa kwenye karatasi.

"Wajukuu zangu wamezaliwa hapa hapa mjini," aliniambia. "Hawana kingine cha kuwaeleza wametoka wapi."

Nikaweka bodi nyingine. Windows ya zamani haikuitambua, ikawa inakwama kila nikiwasha, kwa hiyo ilibidi nipige Windows upya, yaani niiweke tena kuanzia mwanzo. Diski tupu ya kuhamishia kazi ya mzee ilikuwepo kwenye rafu, karibu na mkono wangu. Lakini kunakili kulitaka muda, na siku hizo za mgao umeme wetu ulikuwa ukikatika saa sita. Saa tano na nusu kompyuta ikaniuliza kama ifute kila kitu. Nikajipa moyo kwamba mafaili ya mzee yako upande mwingine wa diski, nikakubali. Hayakuwa upande mwingine.

Mama Ndeshi alipokuja nilimpa shikamoo, nikamwambia, "Pole mama, na diski nayo iliungua."

Aliitazama kompyuta yake ikiwaka vizuri. "Kama diski iliungua," akauliza taratibu, "hii inayofanya kazi ni ipi?"

Alikuwa amefundisha hesabu maisha yake yote, nami nilisahau. Nikamweleza ukweli huku nalia. Hakunifokea.

"Kufuta ulikosea, binti yangu. Kunidanganya ulikusudia."

Mpaka leo maneno hayo yananiuma. Baada ya hapo, kwa miezi mingi, kila Jumamosi nilikwenda Lemara, yeye akisimulia anachokumbuka, mimi nikichapa. Tulipofika kwa bibi mzaa babu wa mumewe, simulizi ikakwama. Jina la bibi huyo alilijua mumewe peke yake. Akaniambia niache mstari mtupu. Wajukuu sasa ni watu wazima, na wakisoma wanauruka.

Basi, mwanangu, kabla hujafuta cha mtu, nakili kwanza. Umeme ukikatika, utaendelea kesho, na mwenyewe atasubiri. Usipojua kilichomo, muulize. Na ukiharibu, sema siku hiyo hiyo, kabla hujaulizwa.

Mungu akujalie mikono isiyo na haraka, na akufikishe uzeeni pasipo ukoo wowote wa watu unaoruka mstari mtupu kwa sababu yako.