Parcelle ya Moins Nane

Shiye benye tulisomaka Kolwezi mu wakati ya craie, ile chaki ya ku tableau, équation ya second degré, ile yenye x mara x, ilitufwataka mpaka ku nyumba. Kaye ya kuandikia ilikuwa moja kwa masomo yote, njo maana delta, ile hesabu yenye kuanza na b carré, tulikuwa tunaifanyia inje, ku simenti ya mulango, na kipande ya malakite. Ile jiwe inaandikaka kijani muzuri sana. Harufu ya sombe inatoka mu jiko, mama anakuja kutuita, anakanyanga b carré, anaifuta na ndala.

"Mama, nilikuwa karibu kupata."

"Weye uko karibu kupata tangu lundi. Kuja ukule bukari."

Tata alikuwaka anachimba shaba mu mashimo ya Mutoshi. Akirudia, mavumbi nyekundu imejaa mu masikio, anasema tu: "Soma, mutoto. Mu shimo, mi peke yangu natosha kwa jamaa muzima."

Basi ikafika examen ya mwisho wa mwaka. Hesabu njo ingenipandisha ao kunibakisha. Prof akatupatia parcelle, kipande ya udongo ya kujengea: urefu inapita upana na metre tatu, surface, ni kusema eneo yote, ni metre carré 40. Upana iko ngapi? Mi nikahesabia muzuri: delta 169, racine 13, x iko tano ao moins nane, ile nane ya chini ya zero. Mpaka pale nilikuwa mutu wa akili. Ikabakia kuchagula moja. Nikawaza: metre tano ya upana, mutu wa Kolwezi atafanya nayo nini? Moins ni kushuka chini. Metre nane chini, njo kwenye shaba inaanzaka. Nikaandika: "x = moins nane. Tano tunaikatala, haina minerai."

Prof akasoma ile mbele ya classe yote. Akacheka mpaka akatosha lunettes ku macho, kisha sauti yake ikashuka.

"Mutoto yangu, ile haiko parcelle. Ile ni shimo."

Nikakosa points mbili, njo zile zilinibakisha. Tata akaangalia bulletin ya masomo, akaikunja, akanitafutia pikipiki ya kuchimbia. Lundi tulishuka naye mu shimo.

Batoto ya leo banapiga équation picha, telefone inajibu mbele hata bakae muzuri ku kiti. Jana nikaona mutoto yangu mwanamuke anakata moins nane na bic, bila hata kuiangalia.

"Unaitupa hivi tu?"

"Tata, ile haiko kitu."

Nikacheka. Mi nilitumika mule ndani maisha yangu yote. Nikatoka inje, nikaangalia simenti ya mulango. Iko safi, hakuna hata delta moja. Kama ningepata malakite, na ndala ya mama ya kunifutia, ningeanza tena.